Mistari Kwenye Menti ya Mama

Nimenawa kwa sabuni ya kipande, nimenawa kwa majivu, na bado vidole vyangu vinanuka menti. Mke wangu ananicheka, anasema mzee umegeuka birika la chai. Sijamweleza. Ninyi wa rika langu, mliokua nasi enzi za Zaïre na kusimama asubuhi mbele ya bendera ya kijani matumbo yakinguruma, labda mtaelewa jinsi harufu moja inavyoweza kumkalisha mtu mzima kitako mchana kutwa.

Wengine huiita nanaa. Sisi Bunia tuliiita menti, tukifuata Kifaransa cha masista. Mama alikuja nayo mtaani kwetu Nyakasanza kutoka Kpandroma alipoolewa, mizizi imefungwa kwenye jani la mgomba pamoja na udongo mweusi wa kwao mlimani. Aliipanda nyuma ya nyumba, pale maji ya bafu yalipotokea, na menti, kama mnavyoijua, haiombi ruhusa. Nilipoingia darasa la tatu ilikuwa imeenea kutoka ukuta wa bafu hadi mferejini. Kila asubuhi mama alikata, akafunga mafungu kwa uzi wa mgomba, nami kabla ya shule nikayakimbiza sokoni kwa Mzee Radjabu, muuza chai. Unga wetu ulitoka humo. Baba alipokuwa hayupo, unga wetu ulitoka humo tu.

Na baba mara nyingi hakuwepo. Alikuwa Nizi, anachimba dhahabu kwenye mashimo ya zamani pamoja na wanaume wengine wa kwetu Djugu. Akirudi, mama alimkalisha kwenye kigoda, akasokota ncha ya kitenge, akamtoa udongo wa njano masikioni. Baba alijikunja kama mtoto anayetekenywa.

"Pole pole, mama! Nizi nzima iko mu masikio yangu."

"Basi ningepata dhahabu," mama alijibu. "Napata matope tu."

Siku moja nilimwuliza baba shimo likoje. Alichora kwa kidole kwenye vumbi la uwanja. Alianza na mstari mwembamba kama uzi. "Hapa unaingia na tumbo, kama nyoka." Mstari ukapinda, ukapinda tena, ukawa mnene kidogo kidogo. "Hapa unaweza kupiga magoti. Unafuata mushipa ya dhahabu, kule inaenda na weye unaenda." Mwishoni akachora duara pana. "Hapa sasa, kama Mungu anapenda, unasimama."

Nilikiangalia kile kichoro mpaka kuku wakakikanyaga.

Ukoo wa baba ulikuwa na mwiko wake. Mwanaume akiwa shimoni, mke wake hang'oi kitu chochote chenye mizizi katika ua wake. Kukata aliruhusiwa, kuchuma aliruhusiwa, lakini mzizi ubaki ardhini, kwa kuwa wazee walisema mtu aliye chini ya udongo ameshikwa na kila kilichoshikwa na udongo. Maharage yalikatwa shina. Muhogo ulisubiri. Magugu yalipunguzwa kwa kisu na siku chache baadaye yalikuwa magotini tena. Hivyo ua wenye magugu ulikuwa ua wenye mwanaume shimoni, na kila aliyepita njiani alijua. Watoto wa jirani walinitania:

"Ngabu, nyoka wenu siku hizi wanalipa nyumba?"

"Kwenu ni pori! Iko simba, ama bado?"

Niliwarushia mawe, lakini moyoni nilijivuna. Magugu yale yalimshika baba.

Msimu ninaoukumbuka, baba alikaa Nizi kuliko kawaida. Ndipo mistari ikatokea kwenye menti.

Mzee Radjabu ndiye aliyeiona kwanza. Alichukua fungu, akalinyanyua hadi machoni, akaligeuza. Juu ya majani palikuwa na mistari myeupe iliyojipinda, mmoja ukivuka mwingine, kama njia za mbuzi.

"Sasa weye Ngabu, umeniletea menti ama ramani ya Zaïre?"

Wateja wake walicheka. Alinipokea siku ile, akachagua machache, na mengine akanirudishia. "Ambia mama yako aangalie. Batu batasema Radjabu anapikia batu magonjwa."

Mama aliangalia. Jirani yetu, Mama Dhego, alikuja naye akaangalia, mikono kiunoni.

"Iko konokono," alisema. "Anatembea asubuhi mapema, anaacha mate yake."

Basi nikatumwa kuwinda konokono kabla ya jua kukausha umande. Nilikuwa mtoto wa kupenda kuhakikisha. Nilimweka mmoja juu ya jani safi, nikamfunika na bakuli. Nilipofunua, njia yake iling'aa kwa muda, nikaipitisha kidole, ikafutika. Mistari ya kwenye menti haikufutika. Niliikwaruza kwa ukucha na ukucha ukateleza, kwa maana mstari ulikuwa ndani, chini ya ngozi ya jani, mahali ambapo konokono hana njia ya kufika.

Mama alimwaga majivu. Alimwaga maji ya sabuni ya kufulia. Mistari ikazidi. Majani yaliyoliwa sana yalikauka, yakawa kama karatasi ya sigara, na mafungu yakapungua.

Mchana mmoja nilinyanyua jani na kulielekeza kwenye jua ili nione kama mstari una mwisho. Ulikuwa nao. Ulianza ukingoni mwembamba kama uzi. Ulipinda, ukapinda tena, ukanenepa kidogo kidogo. Na pale ulipokuwa mpana, kati ya ukuta mmoja wa jani na mwingine, kulikuwa na kidudu cha manjano hafifu, kidogo kuliko punje ya ulezi, na mdomo mweusi. Kilikuwa kinakwenda kichwa kulia, kichwa kushoto, kulia, kushoto, kama mtu mwenye sururu. Nyuma yake kiliacha vumbi jeusi, kwa mstari.

Sikuogopa. Nilikijua kichoro kile.

"Mama! Nimemwona baba!"

Alitoka jikoni mbio, unga mikononi. Nilimwonyesha. Alifumba jicho moja, akatazama ndani ya jani kwa muda mrefu. Kisha akacheka, halafu kicheko kikakatika kama uzi.

"Iko mududu, Ngabu."

"Anachimba."

"Anakula. Anakula unga yetu." Alikaa chini palepale kwenye nyasi ndefu. "Kwetu Kpandroma, mumea ikigonjwa hivi, tunaing'oa yote, tunachoma, tunapanda fasi ingine. Hakuna dawa ingine."

"Basi tung'oe."

Aliniangalia. Sihitaji kuwaeleza alivyoniangalia. Magugu yalikuwa yamemfikia mabegani pale alipokaa.

Tangu siku ile mimi nilikuwa na kazi. Nilitaka kujua kidudu kile ni nani hasa, na kinakwenda wapi. Nilichukua majani yenye wachimbaji, nikayaweka katika glasi iliyopasuka ukingo, nikafunika kwa kipande cha chandarua. Niliiweka chini ya kitanda changu na kuitazama kila nilipotoka shuleni. Kwanza vidudu vilitoboa jani, vikaanguka chini ya glasi, vikalala. Kisha vikawa punje za kahawia, ngumu, zisizo na kichwa wala mkia. Nililia. Nilidhani vimekufa. Sikumwambia mama, maana kama vimekufa nilijua maana yake.

Wakati huo Mzee Radjabu alikuwa amekataa kabisa. Alinirudishia kila kitu, akaniwekea mandazi mawili mfukoni, jambo lililonitisha zaidi kuliko kukataa kwake.

"Mwambie mama yako pole. Ikiwa safi, nitachukua."

Tulikula majani ya muhogo bila ugali. Baadaye tulikula ugali aliotupa Mama Dhego, na mama aliula akiwa ameuelekea ukuta. Mjomba yeyote hatukuwa naye karibu. Baba mdogo Lonu, ndugu wa baba, alikaa mtaa wa pili. Alipita mara moja, akatazama magugu, akatikisa kichwa kuridhika, akaenda zake. Alikuwa amekuja kukagua mizizi.

Kisha siku moja nilivuta glasi kutoka chini ya kitanda na ndani yake kulikuwa na nzi. Wadogo sana, weusi, wakitembea kwenye kioo. Nilisogeza jicho hadi kope zikagusa. Kila mmoja, mgongoni, katikati ya mabawa, alibeba doa la njano. Njano ya kung'aa.

Mtoto wa mchimbaji wa Nizi angesoma nini hapo? Aliingia na tumbo. Akafuata mshipa. Akakaa kimya gizani mpaka ukadhani amekufa. Na sasa ametoka, ana mabawa, na dhahabu iko mgongoni.

Nilikimbia na glasi mpaka nyuma ya nyumba. Mama alikuwa amesimama mbele ya menti, na fungu nililorudishiwa asubuhi bado lilikuwa mkononi mwake.

"Mama, ametoka! Ametoka na dhahabu mugongoni!"

"Nani?"

"Baba!"

Alichukua glasi. Alitazama wale nzi. Leo, nikiwa na umri uliozidi wake wa wakati ule, najua hakuamini hata kidogo. Lakini alikuwa na njaa, na alikuwa na mtoto mwenye njaa, na hakuna mtu mwingine aliyemletea neno lolote.

"Ni weye unasema baba yako ametoka?"

"Ndiyo."

"Sema tena."

"Baba ametoka."

Aliirudisha glasi mkononi mwangu. Alivua kandambili, akakaza kitenge, akainama. Mzizi wa kwanza ulitoka na sauti kama nguo inayochanika. Nilipoinama nami nimsaidie, alinisukuma kwa kiwiko.

"Weye hapana shika. Mikono yako ikae safi."

Aling'oa peke yake. Harufu ilipanda mpaka machozi yakatutoka, na Mama Dhego alichungulia juu ya ua, akaona, akaondoka bila kusalimu. Mama alichoma vyote. Alibakiza vilele vichache visivyo na mstari, akavitia kwenye kopo la maji ili vitoe mizizi. Udongo ulibaki mtupu, mweusi, kama kichwa kilichonyolewa kwa msiba.

Wanaume wawili waliochimba na baba walikuja siku ya soko iliyofuata. Miguu yao ilikuwa ya njano hadi magotini. Hawakuingia uani. Walisimama pembeni, wakautazama kwanza udongo ule mtupu, wakatazamana, ndipo wakamtazama mama. Walisema shimo limeanguka. Walisema wamechimba sana kumtafuta, na alipopatikana wamemzika kulekule, kwa sababu ya ubaya wa njia na joto.

Nilikuwa nimeshika glasi yangu. Nzi wote walikuwa wamekufa.

Moto wa matanga uliwashwa uwanjani, na wanaume wa ukoo wakakaa kuuzunguka. Baba mdogo Lonu hakuuliza shimo lilikuwa na nguzo za namna gani. Aliuliza menti iling'olewa lini. Mmoja wa wale wawili, kijana, alijaribu. Alisema, kwa heshima, kwamba shimo lilianguka mbele. Kwamba kutafuta peke yake kulichukua muda. Kwamba siku mama anang'oa, wao walikwisha kumzika.

Baba mdogo alimsikiliza hadi mwisho. "Mizizi haijui siku," alisema. "Mizizi inajua mukono."

Wazee wakaitikia kwa koo.

Nilisimama. "Baba mudogo, ni mimi nilimwambia. Nilimwambia baba ametoka."

Alinigeukia taratibu, akanitazama kwa huruma. Huruma ile ndiyo iliyonimaliza. "Munaona?" aliwaambia wenzake. "Amemufundisha na mutoto uongo."

Nilianza kueleza habari za glasi, za punje, za doa la njano. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikia mwenyewe jinsi maneno yangu yanavyofanana na ya mtu aliyefundishwa. Mtu mmoja akaniambia nikalale.

Ukoo uliamua mama arudishwe kwao, na mjomba akashuka kutoka Kpandroma kumchukua dada yake. Mimi nilikuwa mtoto wa ukoo wa baba, ng'ombe wa mahari walikuwa wametolewa, kwa hiyo nilibaki. Hakuna aliyebishana juu ya hilo, hata mama. Katika zile siku kabla ya kuondoka kwake, nililala kwa baba mdogo, na kule nilisikia kila siku jambo lilelile, kwamba mkono wa mama ndio uliomwua baba, kutoka kwa mke wake, kutoka kwa binamu zangu, kutoka kwa wageni waliokuja kutoa pole. Mtoto akiambiwa jambo na watu wote wanaompa chakula, analiamini. Nasema hivyo kueleza tu. Kujitetea nimekwisha kuacha.

Siku ya kuondoka mama alisimama mlangoni na mfuko wake na lile kopo la vilele. Ukoo wote ulikuwepo. Nilimwendea, nikamwuliza mbele yao, kwa sauti ya kusikika:

"Mama, juu ya nini uling'oa?"

Alifungua mdomo. Nilimwona akiyatafuta maneno, na najua sasa ni maneno gani, kwa sababu yalikuwa mafupi na alikuwa nayo tayari: ni weye ulisema. Wote waliokuwapo walimsubiri. Angeyasema, labda mzigo ungegawanyika.

"Njo vile," alisema, ndivyo tu ilivyokuwa. Kisha akanishika kichwa. "Chakula ya kwa baba mudogo, usikatae. Kula."

Alikuja tena mara moja, msimu wa viazi vitamu. Nilimwona kupitia dirisha la darasa, amesimama penye lango la shule na kikapu, anauliza watoto. Niliomba ruhusa ya kwenda chooni, nikakaa huko mpaka kengele ya kurudi nyumbani. Kikapu kilikuwa kwa mlinzi. Viazi vilikuwa vimefunikwa kwa majani ya menti. Niliwapa wenzangu.

Nikiwa sekondari, mwalimu wa biolojia alichora ubaoni jani lenye mstari uliopinda. Alisema kidudu hicho ni lava, yaani funza, wa nzi mdogo. Nzi jike hutoboa jani na kuweka yai, lava hula katikati ya ngozi mbili, hutoka, huanguka udongoni, hugeuka punje, kisha nzi. Dawa, alisema, ni kung'oa na kuchoma mimea iliyoathirika. Alisema kwa Kifaransa, akafuta ubao, akaendelea na panzi. Nilinakili vizuri. Nilipata alama nzuri. Mama alikuwa sahihi kuhusu dawa, nami nilikuwa sahihi kuhusu kidudu, na bado sikupanda gari la Kpandroma.

Mwanzoni ilikuwa aibu. Baadaye ikawa kazi, watoto, ada. Baadaye miaka mibaya ilikuja Ituri, barabara ikafungwa, watu wakatawanyika, nami nikapata sababu ambayo hakuna mtu angenibishia. Barabara ilipofunguka nilituma sabuni na vitenge kupitia kwa watu. Walirudi na salamu: mama yako anauliza unakula? Nilijibu kwamba nakula.

Nilifika Kpandroma safari hii mama amekwisha kuzikwa. Mama mdogo, ndugu yake wa mwisho, alinipokea njiani akanipitisha hadi nyumbani kwa marehemu. Nilipouona ua nilisimama. Nyasi zilifika kiunoni. Muhogo ulikuwa umezeeka ukawa miti. Nilifikiri: walimwacha hivi, bibi kizee peke yake, hakuna hata mtu wa kumpalilia. Hasira ilinipanda, hasira ya mtu asiye na haki nayo.

"Mama mudogo, hata kumusafishia uwanja?"

Aliniangalia kama anayetafuta kama natania.

"Alikatazaka," alisema. "Tangu alirudia kutoka Bunia. Kukata, ndiyo. Kung'oa, hapana. Tulisema, dada, mume yako amekufa zamani, uko unangojea nani? Anasema: Ngabu hajarudia nyumbani."

Nyuma ya nyumba, penye maji, palikuwa na menti. Ilikuwa imeenea mpaka kwenye shamba la jirani. Sikuona jani moja zima. Mistari ilipita juu ya mistari, mipya juu ya mikavu, myembamba ikinenepa, na mingi ilikuwa mitupu, wachimbaji wamekwisha kutoka. Ilikuwa imetafunwa miaka hiyo yote, naye aliiacha itafunwe. Mwanamke aliyejua dawa yake tangu utotoni.

Mama mdogo alisimama nyuma yangu. "Sasa unaweza," alisema. "Si umerudia?"

Nilivua viatu. Nilikunja suruali. Niliinama, mgongo ukalia, nikashika shina la kwanza karibu kabisa na ardhi, na lilitoka na sauti ile ile. Kisha la pili. Harufu ikapanda. Niling'oa kwa mikono yote miwili, udongo mweusi ukiingia kucha, na hakuwepo tena mtu wa kunisukuma kwa kiwiko na kuniambia nisishike, mikono yangu ikae safi.